Nati Aliyoigonga Tluway

Jumatatu, 14 Julai
Shokapu ya mbele kushoto imetoka. Nyundo, dizeli na mikono yangu hii. Dongobesh nzima hakuna wa kuitoa vile, na mimi sabini nimeipita zamani. Shokapu hizi zimekaa hapo tangu ujana wangu. Nani mwingine ana gari la hivyo? Mpya ziko chini ya kitanda. Imebaki ya kulia. Kesho, kabla ya chai.

Jumamosi naenda Dirma na Landrova kumchukua dada Elizabeti. Anataka kuiona nyumba tulimozaliwa, huku Dongobesh, kabla macho hayajaisha. Mgongo wake mbovu, hautaki kurushwa. Gari la kukodi kakataa. Anasema Landrova ndiyo ilimpeleka kuolewa, Landrova ndiyo itamrudisha kusalimia. Mbishi. Kwetu wote wabishi.

Jumanne, 15 Julai
Haikutoka.

Nati ya juu haisogei. Nimefuta kutu nikaona sababu. Ncha ya bolti imegongwa ikatanuka, nati haina pa kupita. Kazi ya Tluway ile. Alikuwa utingo wangu miaka yote ya kubeba mahindi na watu kwenda Yaeda Chini. Nyundo yake naijua. Alikuwa anagonga kwa kuzungusha, alama zinakaa kama ua. Tumemzika mwaka juzi.

Nimelala chini ya gari muda mrefu bila kufanya kitu. Baridi imeniingia. Nimekumbuka bonde lile la Yaeda, yeye juu ya magunia anaimba, mimi usukani unaniruka mkononi. Watu wa namna ile hawapo tena.

Jumatano, 16 Julai
Nimeiloweka dizeli tangu jana. Bomba kwenye spana, nikaning'inia. Spana imeteleza. Vidole vimechubuka.

Fundi Ramadhani kaja na grenda. Mtu mzima, mvi anazo, lakini mdomo! "Shikamoo mzee. Unafungua gari au unalibembeleza?" Anataka kuikata. Nimemfukuza. Haikatwi ile. Kazi ya mkono wa Tluway iliyobaki duniani ni hiyo tu.

Mama Regina alikuwa anapepeta maharage. Akasema, "Marehemu kapumzika, Baba Regina. Wewe ndiye bado unamshikilia kwa nati."

Mke wangu huyo. Nimerudi chini ya gari.

Alhamisi, 17 Julai
Nimeipasha moto kwa mkaa. Nimegonga. Tindo imevunjika, nati nzima. Nimepiga tairi teke. Mguu unauma. Nina hasira na watu wote, na yeye aliyekufa pia.

Ijumaa, 18 Julai
Nimempigia dada kumwambia kesho haiwezekani. Shikamoo yangu hakumaliza kuiitikia, akauliza gari. Nikamweleza nati na alama za nyundo ya Tluway.

Halafu akasema, "Ni asubuhi ya harusi yangu hiyo. Nyinyi mko ndani mnakunywa pombe, mimi nimeshakaa garini. Ile nati ya kulia ilikuwa inalegea kila safari. Tluway akaigonga mpaka jasho likamtoka. Akaniambia barabara ya Dirma mbaya, hataki nirushwe."

Nikainama kuitazama nati. Akaendelea,

"Kwa hiyo alinigongea mimi, mdogo wangu. Siyo wewe. Ikate uje."

Miaka yote ile tumekula sahani moja. Nilijisifu namjua Tluway hadi mifupa. Hili hakuniambia, na mimi sikuliona.

Nimemwita Ramadhani. Cheche kidogo tu, ikaanguka. Safari hii hakunitania. Mpya nimezifunga mwenyewe, kulia na kushoto. Hapo hakuna fundi wa kunigusa.

Jumamosi, 19 Julai
Dirma na kurudi. Gari limetulia kama limesimama.

Dada alikaa mbele, shuka begani. Tulipoiacha Dirma akauliza, ile nati iko wapi? Nilikuwa nayo mfukoni, na kipande cha bolti ndani yake. Akaipapasa kwa kidole, polepole, kwa kuzungusha. Akaifunga kwenye pindo la kanga. Mpaka Dongobesh, kila penye shimo aliweka mkono juu ya lile fundo.

Sasa yuko jikoni na Mama Regina, nawasikia wanacheka. Kesho tutakwenda kwenye ile nyumba.

Nimefunika gari turubai.