Kazi ya Maman Nsimire Ilienda Wapi

Nguba, Bukavu

Mama yangu mupenzi,

Asalamu aleikum, weye pamoja na wote wenye wamekaa hapo karibu yako wakisikiliza, maana najua Assani ndiye anakusomea na ndugu yangu huyo hajui kusoma kwa sauti ndogo. Magoti yako iko namna gani? Ile dawa ya kupaka yenye nilituma na maman muuza vitenge, ilifika? Papa ameacha kupanda juu ya nyumba kutengeneza mabati peke yake, ao angali na ubishi wake? Mimi niko muzima. Baridi ya huku bado inanitesa asubui, lakini nimenunua pulovere, na sambaza za ziwa nimezizoea, ijapo ulimi wangu ungali unatafuta samaki wa mutoni na mawese ya kwetu Kindu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu haiwezekani. Kila mara nikianza kukueleza jambo, papa anakunyanganya simu aniulize kama nimekula, kisha réseau ya simu inakatika. Leo nataka usikie mwanzo mpaka mwisho. Siku hizi za nyuma sauti yangu haikuwa nzuri na weye uliisikia, mpaka ukaniuliza kama niko na mimba. Hapana mama, sina mimba. Ilikuwa mambo ya Maman Nsimire.

Unamujua kwa jina: ni mwenye nyumba yenye ninapanga chumba, infirmière wa kutunza wagonjwa, mujane, Mukatoliki wa kwenda misa kila asubui akiwa likizo. Tangu nifike hajanisumbua hata kidogo juu ya dini yangu. Mwezi wa Ramadhani ulimukuta likizo, ni yeye alikuwa ananigongea mulango nile daku, kisha anarudi kulala akinungunika kwamba Mungu ni mumoja tu lakini anatuamusha saa mbalimbali. Nikigonjwa ananipikia uji. Namuita maman, na usione wivu, maana yeye mwenyewe ananiambia: "Mama yako iko Kindu. Miye ni wa kukuchunga tu."

Sasa huyu mutu, mama, walitaka kumufukuza kazi, tena kwa aibu. Walisema alikaa Kamanyola miezi mizima bila kutumika kazi yoyote hata siku moja.

Ngoja nianze vizuri. Maman Nsimire alitumika miaka mingi Bunyakiri, katika centre de santé moja, kituo cha afya, kati ya zile zenye biro yetu, kule ninatumika, inahudumia. Kisha titulaire wa Kamanyola, yaani infirmière mukubwa wa pale, Maman Bora, akagonjwa sana, wakamuleta Bukavu kwa matunzo. Wakamuambia Maman Nsimire ashuke Kamanyola kumusaidia mpaka apone. Akashuka kwenye joto ile ya bonde, na mbu zake, akatumika, akapima bamama wenye mimba, akapima uzito wa watoto. Wakati alipopanda Bukavu kupumzika, koordinatere wetu, mukubwa wa biro, akafungua ripoti. Kamanyola: zéro. Hakuna mama hata mumoja, hakuna mutoto hata mumoja. Na hesabu ya Bunyakiri ilikuwa imepanda vibaya sana, mpaka titulaire wa kule aliambiwa asimame katika mukutano, akapigiwa makofi, akamushukuru Mungu na ekipe yake.

Koordinatere akamuita Maman Nsimire, akamuambia ajitayarishe, Ijumaa atakuja mbele ya komisyo aeleze alikuwa anafanya nini muda ule wote. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akaanza kuchambua maharagwe. Hakulia. Alisema tu: "Bamama ya Kamanyola bananijua. Baende babaulize." Lakini hakuna mwenye alishuka kuuliza. Vitabu vya karatasi viliondolewa siku mashini, hizi kompyuta, zilifika, na kwa watu wa biro kitu chenye mashini haikioni hakiko. Mimi nilipandwa na hasira, mama, ile hasira yangu unaijua, ya papa kabisa.

Assani, hapa soma polepole. Mama, kazi yangu ni hii. Kila centre iko na stoo yake ya majina ndani ya mashini kubwa yenye iko hapa biro. Tunaiita base. Base ya Bunyakiri, base ya Kamanyola, zote ndani ya mashini moja, sawa vyumba vya nyumba ya kupangisha, kila mulango na kifunguo yake. Infirmière akitaka kuandika mugonjwa, programu inapaswa kwanza kupiga hodi. Hodi yake ni mustari mumoja wa maneno: jina la mashini, jina la base, jina la mwenye kuingia, neno lake la siri. Huo mustari tunauita chaîne. Hatuuandiki mara moja ukabaki vile, maana vituo ni vingi na kesho wataongeza vingine. Programu yenyewe inaushona palepale, kila mara mutu anaingia, kwa vipande vyenye inapata. Sasa, kile kipande cha jina la base, ilikuwa inakikamata wapi? Kwa fishi ya mutu, maelezo yake ndani ya mashini. Kama umeandikishwa kuwa mutu wa Bunyakiri, inakushonea chaîne ya Bunyakiri, hata ukiwa Kamanyola, hata ukiwa hapo kwako nyuma ya jiko. Haikuulizi umekaa wapi.

Leo nakueleza kama mutu mwenye akili. Ile wiki sikuwa nimeona kitu. Tulitafuta ndani ya base ya Kamanyola mpaka macho ikatuuma. Pengine vitu alivyoandika vilifutwa, pengine réseau ilivimeza. Hakuna. Papa Déo, sefu wangu, ndiye aliandika ile programu mbele ya mimi kufika, na anaipenda sana. Akaniambia: "Zawadi, mashini haifichi kitu. Kama hakuna, hakuna." Nilimujibu maneno yenye siwezi kuandika hapa, juu Assani anasoma mbele ya watu.

Siku moja kabla ya komisyo nilipanda nyumbani kula muchana. Maman Nsimire alikuwa anasonga bugali. Nikamuambia: "Maman, nionyeshe fasi ulikuwa unakaa kule Kamanyola, na vile ulikuwa unafungua mashini. Kila kitu, sawa mimi ni mutoto wa stage, nimekuja kujifunza kazi." Akaacha mwiko, akanionyesha kwa vidole juu ya meza.

"Nafungua. Naandika jina yangu. Naandika neno ya siri yangu."

"Ipi? Ile mpya walikupa ya Kamanyola?"

Akarudi kwa sufuria yake, akasonga kidogo. "Ile ya siku zote. Ya Bunyakiri."

"Na ile mpya?"

"Niliiweka mu tiroir ya meza."

Nilikaa chini, mama. Nikamuuliza kwa nini. Akaniangalia sawa vile weye unaniangalia nikiuliza kitu chenye kila mutu mwenye malezi anajua.

"Karatasi yenye balinipa iliandikwa: Nsimire, titulaire, Kamanyola. Titulaire ya Kamanyola ni Bora. Na Bora iko analala ku hôpital, anapumua. Miye niingie kila asubui na cheo yake? Ile ni kumuambia asirudie. Hata kiti yake sikuikalia. Niliifunika na kitenge, nikakaa ku kiti ya mbao, kando ya dirisha."

"Na bamama wa zamani wa pale, haukuona kama majina yao hayako?"

"Niliona. Nilifikiri ni réseau. Weye na Papa Déo, kila kitu munasemaka ni réseau. Nikabaandika tena mumoja mumoja, kufuata karti zao."

Nilicheka, kisha nikaona machozi inatoka, sijui ilianza wakati gani. Sikula ile bugali. Nilishuka mbio na matope yote ile, nikamukuta Papa Déo na sahani yake, nikamuambia afungue base ya Bunyakiri, atafute watu wenye adrese yao ni Kamanyola.

Wakatokea. Bamama wa bonde, na majina ya bonde, na mimba zao, na tansyo ya damu yao, na watoto wao na uzito wao, kurasa juu ya kurasa, na chini ya kila mumoja jina lile lile: Nsimire. Walikuwa wamekaa Bunyakiri muda wote ule, nyuma ya mulango wenye programu iliwafungulia, na hakuna mutu aliwauliza kitu. Kule Bunyakiri waliona tu hesabu inapanda, wakafurahi.

Nililia mbele ya sefu wangu, bila haya. Papa Déo aliweka kijiko chini. Nilifikiri atajitetea, maana ni mutu wa kujitetea. Akasema: "Nilifikiri mutu anatumika tu kwenye ameandikwa. Miye njo niliandika hii, kesho miye njo nitasema." Tangu siku hiyo namuheshimu, hata akianza tena na hotuba zake.

Ijumaa Maman Nsimire alivaa liputa yake ya sikukuu, ile ya buluu, akakaa nyuma kabisa. Koordinatere akaanza kwa sauti yake ya komisyo, na Papa Déo akamuomba ruhusa, akawasha mashini, majina yakatokea ku ukuta. Akaeleza vile programu inashona chaîne yake, na vile alikosea kuishona kwa fishi ya mutu bila kuuliza mutu iko wapi. Koordinatere alisoma muda murefu. Kisha akamugeukia Maman Nsimire, akamuuliza kwa nini hakuingia na ile karatasi mpya. Akamujibu sawa alivyonijibu mimi mu jiko, neno kwa neno, mpaka kwa kiti yenye alifunika na kitenge.

Koordinatere alitoa miwani, akasema: "Maman, tulikukosea." Watu wakaanza kupiga makofi, na titulaire wa Bunyakiri, masikini, alipiga kuliko wote, akiangalia viatu vyake. Maman Nsimire akasimama. Nilifikiri atasema maneno ya uchungu, na ilikuwa haki yake. Akasema: "Aksanti. Sasa bamama yangu mubarudishe kwabo, juu kuko bengine banakaribia kuzaa, na mwenye atabapokea hatakuwa anajua kitu yao." Akakaa.

Basi tukawarudisha. Papa Déo na mimi tulitumika siku nyingi kuwatoa Bunyakiri na kuwapeleka Kamanyola, mumoja mumoja, bila kupoteza hata mutoto. Kisha tukatengeneza programu. Sasa fishi inasema tu weye ni nani. Ukiisha kuingia, inakuuliza: leo unatumikia fasi gani? Unachagua, na chaîne inashonwa kufuata jibu lako. Hatumuachi mutu aandike jina la fasi yeye mwenyewe, maana mwenye roho mubaya angeingiza maneno yake katikati ya mustari akafunguliwa mulango usio wake. Papa Déo alitaka neno titulaire libaki kwa fishi ya wote wenye kuingia. Nilikataa. Tukaongeza cheo kingine: musaidizi. Maman Nsimire alisoma ku mashini, akasema, "Hii naweza kuingia nayo."

Jumatatu atashuka tena Kamanyola. Maman Bora anaanza kutembea kidogo mu lupango, ule uwanja wa hôpital, lakini munganga anasema bado. Nyumba itakuwa kubwa sana bila yeye, mama, nakuambia ukweli. Naogopa hata kula peke yangu. Utaniombea.

Nisalimie papa, na umuambie nimekula. Nisalimie shangazi Mwajuma mwenye kuuza mawese sokoni, na bibi yangu muzaa papa, na shemeji yangu muke wa Assani, mwenye nasikia anapika sombe kunishinda. Nitakuja kuhakikisha mwenyewe. Assani, aksanti kwa kusoma, na usiruke kitu. Mwalimu wangu wa zamani wa hesabu, ukikutana naye njiani, umuambie ile hesabu yake inanilisha.

Ninakukumbatia kwa mikono miwili, magoti yako yote pamoja.

Mutoto wako mwenye hakusahau nyumba,
Zawadi

Maman Nsimire anasema nimuachie fasi kidogo hapa chini aandike na mukono yake. Amenifukuza mu chumba, sijui ataandika nini.

Maman ya Zawadi, jambo. Ni miye Nsimire. Mutoto wako anakula, anasali, analala mapema kama namupigia kelele. Ku kazi bote baliniuliza kama nilitumika. Yeye aliniuliza nilitumikia fasi gani. Aksanti kwa kumuzaa.