Golikipa wa Akiba

Jumatatu, 3 Machi

Jana tumeshinda. Yaani, wao wameshinda. Mimi nimesugua benchi tangu mwanzo hadi mwisho, koti limefungwa mpaka shingoni, nikipiga makofi pale inapobidi. Nikarudi na jezi kavu. Mke wangu kaikunja, kairudisha kabatini bila kuifua. Eti hii yako itadumu! Alikuwa anatania. Nilicheka, lakini imeniuma.

Jumatano, 5 Machi

Wakala wangu kapiga simu. Kuna timu ndogo ya daraja la pili inanitaka — nicheze kila mechi! Ila mshahara ni robo tu ya huu. Klabu yangu nayo imeleta mkataba mpya, mnono kuliko wa sasa, wa kukaa palepale benchi. Jibu Jumatatu.

Jioni mama kapita, kafurahi kweli. Kikundi chao cha akina mama kimemchagua mtunza fedha. Kisa? Amewaambia mwanawe ni golikipa wa akiba, na wote — na yeye mwenyewe! — wameelewa kwamba ndiye anayetunza akiba ya timu, basi uaminifu wa fedha uko kwenye damu. Miaka yote hii! Mke wangu kakimbilia jikoni kucheka. Mimi sikumsahihisha mama. Kwani kakosea sana? Akiba ni kitu kilichowekwa. Nami nimewekwa. Nyumba hii, ada ya binti yetu, dawa za mama, vyote vimetokana na kuwekwa kwangu. Sina haki ya kulalamika. Lakini nina huzuni, na haiishi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia mke wangu nataka kwenda timu ndogo. Nilidhani atanijia juu. Akasema tu: tutahamia nyumba ndogo, yeye atarudi kwenye cherehani yake, basi.

"Mimi niliolewa na golikipa, baba. Sikuolewa na mshahara."

Machozi yalinitoka. Nimeamua. Naondoka!

Jumamosi, 8 Machi

Golikipa namba moja kaumia goti mazoezini. Kocha kanishika bega: kesho unaanza wewe. Mechi ya watani wa jadi, uwanja utafurika! Mke wangu kapiga vigelegele mpaka jirani kachungulia.

Nimejifungia chumbani. Glavu nimezivaa na kuzivua mara tatu. Nilijiambia ni hamu. Siyo hamu. Ni woga, tena woga wa mtu aliyeisahau kazi yake. Nimelipwa vizuri miaka yote nisidake, nami nimezoea.

Nimempigia daktari wa timu. Nimeuliza habari za goti, kwa sauti ya masikitiko. Kasema uvimbe umepungua kidogo. Nikauliza — Mungu anisamehe — kama hakuna sindano ya kumwezesha mwenzangu adake kesho.

Kasema nisikate simu, kocha yuko hapo karibu, anamwita.

Sebuleni mke wangu anawapigia ndugu zake mmoja mmoja, waje wote uwanjani. Naandika kwa mkono mmoja. Simu iko sikioni, na humo nasikia hatua za mtu anayekuja.