Nilimtupia Mama Kifo cha Lwitiko

Shangazi Ferista, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Tunduma, nguo za watu zimelala sijazigusa, kwa sababu nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu Yesaya halijui, naomba unisaidie na kama ni kunigombeza nigombeze tu.

Nina mtoto mmoja, Erica, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Tangu aanze kutembea sijawahi kumruhusu acheze nje ya geti bila mimi, na watu wakiniuliza nasema ni malori, maana tunakaa karibu na barabara kuu na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, yanapanga foleni mpaka kwetu, bodaboda zinapenya katikati, kwa hiyo hakuna anayenibishia, wananiona mama makini. Lakini nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja wa kanisa ambao hakuna gari linalofika, na watoto wa mtaa wanacheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira huku ukijaza chupa mchanga, pale kila jioni, na Erica wangu anapanda juu ya ndoo anachungulia ukutani, anawahesabia wanaojaza chupa mchanga kana kwamba na yeye yumo. Siku moja mpira ulidondokea uani kwetu, Brian mtoto wa jirani akaita, "Erica, turushie mpira!" na Erica akamjibu, "Nawarushia, ila msihamie mbali." Nilisikia, nikaendelea kushona.

Mwezi wa sita shule zilipofungwa Yesaya akaniambia, "Tusekile, huyu mtoto hamjui bibi yake, mwache aende Itumba." Nikakubali shingo upande, nikampigia mama simu nikampa masharti, asitoke uani, asiende na watoto wengine, mama akasema, "Haya mwanangu, nimesikia." Siku ya nne mama akapiga yeye, akasema Erica ameanguka na mkono umevunjika. Watoto walikuwa wanateleza mteremkoni wamekalia magogo ya migomba, na mama alimruhusu, alikuwa anawaona kutoka shambani kwake.

Nilifika jioni. Shangazi, ningemkuta mtoto analia labda ningenyamaza, lakini nilimkuta mkono umefungwa hogo la plasta, amekaa katikati ya wenzake wanakula mahindi ya kuchemsha, anacheka, tena aliponiona akasema, "Mama, nimeteleza mara sita kabla sijaanguka!" Sijawahi kumwona ana furaha vile. Sijui nini kilinipanda, nikamgeukia mama, mbele ya majirani, mbele ya mama mdogo Tumpale, nikamwambia, "Wewe hujui kulea. Lwitiko alikufia mikononi mwako, sasa ulitaka na wangu?"

Mama alikuwa ameshika kikombe cha uji wa mtoto. Akakiweka chini, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akaingia ndani. Mama mdogo Tumpale akasema, "Tusekile, umesema nini?" Mimi nikachukua begi la mtoto nikaondoka naye.

Sasa ninachotaka kukuambia ni hiki. Lwitiko alikuwa mdogo wangu, alikuwa na miaka minne na mimi kumi na moja, masika, mama alikwenda mashineni kusaga akaniambia, "Usimwache mdogo wako." Wenzangu wakaja kuniita tukacheze kombolela kule chini karibu na mto, nikaenda naye, nikamkalisha juu ya jiwe nikamwambia kaa hapa nakuja sasa hivi, nikaenda kujificha na wenzangu, na nilijificha vizuri sana Shangazi, hakuna aliyeniona, nikafurahi, na nilipotoka jiwe lilikuwa tupu. Walimpata chini, maji yalikoishia kwenye matete. Watu waliponiuliza nilisema nilikuwa nyumbani naosha vyombo, na yeye alitoroka. Wenzangu nao waliogopa viboko, wakanyamaza. Mama akawaambia watu kosa ni lake, aliwaacha watoto peke yao, na baba alimsema kwa jambo hilo mpaka alipofariki, ugomvi wowote ndani ya nyumba uliishia kwa Lwitiko, na mimi nilikuwa nasikia, nimekaa jikoni, nikanyamaza. Miaka ishirini na sita nimemwachia mama mzigo wangu, halafu nikaenda kumpiga nao usoni.

Mkono wa Erica umepona. Mama hanipigii tena, anampigia Yesaya, anauliza mkono wa mtoto, anasalimia, anakata. Wiki iliyopita Brian alikuja mwenyewe getini kumwita Erica, nilikuwa na moyo wa kumruhusu siku hiyo, nikamwambia nenda, na Erica akamjibu mwenzake, "Sichezi. Nikicheza bibi atagombezwa." Ndoo ile hapandi tena.

Nifanye nini? Mama ana miaka sitini na nane, ana presha, nikimwambia ukweli leo si nitamuua? Au ninyamaze tu nimwombe msamaha kwa maneno ya siku ile? Na huyu mtoto nitamtoaje nje, wakati akinipotea machoni dakika moja tu naacha cherehani nikamtafute?

Mama Erica, Tunduma

SHANGAZI FERISTA ANAJIBU

Marahaba, Mama Erica. Barua yako niliisoma, nikaiweka pembeni, nikaenda kuteka maji, ndipo nikarudi kukujibu.

Naanza na yule msichana wa miaka kumi na moja, maana naona hakuna aliyewahi kuzungumza naye. Alikuwa mtoto. Aliachiwa mtoto mwingine amlee, akaitwa kwenye mchezo, akaenda, kama ambavyo mtoto yeyote wa umri huo angeenda. Halafu akaogopa, akadanganya. Pole sana, binti yangu. Ulibeba kifo cha mdogo wako peke yako na hukuwa na mtu wa kukupokea. Kwa siku ile ya mto mimi sina ugomvi na wewe.

Ugomvi wangu ni na mwanamke wa miaka thelathini na saba aliyesimama Itumba mwezi wa sita. Huyo hakuwa mtoto. Alijua ukweli, alijua anayemtupia si mkosaji, na alisema mbele za watu ili aumize. Tena usinidanganye kwamba hujui nini kilikupanda. Ulimwona mwanao anacheka bila wewe, kulekule Lwitiko alikofia, na hukuvumilia.

Unauliza kama ukweli utamuua mama. Mama huyo amemzika mtoto, amelaumiwa na mumewe mpaka mume huyo alipofariki, ametukanwa na binti yake uani kwake, na bado anapiga simu kuuliza mkono umeponaje. Usimsingizie presha. Anayeogopa ni wewe. Na kuna kitu nataka ukifikirie. Ulisema ulikuwa unaosha vyombo. Siku ile mama yako alirudi jikoni kwake. Vyombo vilikuwa vimeoshwa? Mimi sikuwepo, siwezi kukuambia. Lakini yeye aliviona, na hakukuuliza. Huenda ukimya wake wa miaka yote hii haukuwa wa kutokujua. Huenda alikuwa anakuficha wewe nyuma ya mgongo wake, hata baba yako alipokuwa akimsema.

Sasa sikiliza cha kufanya. Leo jioni mwambie Yesaya, yote, kama ulivyoniandikia mimi. Jumamosi nenda Itumba, wewe peke yako, na usitangulize simu. Usitangulize sukari wala kitenge kipya, kana kwamba unanunua. Kabla hujala chochote mwambie, "Mama, Lwitiko nilimwacha mimi," umweleze jiwe, mchezo, na uongo. Usilie ili akubembeleze. Ukishindwa kujizuia, lia, lakini maliza kusema. Akikaa kimya, kaa naye. Akikufukuza, toka ukakae nje ya mlango, usirudi Tunduma siku hiyo. Na kwa kuwa ulimtukana hadharani, mwombe ruhusa yake, kisha mwite mama mdogo Tumpale na majirani wale wale, uwaambie kwamba ulisema uongo juu ya mama yako.

Ukirudi, kaa na Erica. Siri ya mto si ya umri wake bado. Mwambie hivi tu: bibi hakukosea, wewe hukukosea, mimi ndiye niliyekosea, na nimekwenda kumwomba bibi msamaha. Mtoto wa miaka tisa ameacha kucheza ili kumlinda bibi yake. Unaona anafanana na nani?

Kuhusu kutoka nje, malori ya Tunduma ni kweli, sikatai, wala simwambii mzazi afumbe macho. Ila uwanja wa kanisa hauna lori. Mpeleke mara ya kwanza kwa miguu, mwonyeshe njia atakayopita na barabara asiyoruhusiwa kuivuka bila mtu mzima. Ongea na mama yake Brian mjue watoto wako wapi na wanarudi saa ngapi. Anza na muda wa saa moja tu baada ya shule. Itumba nako acheze, ateleze, aanguke, lakini mtoni haendi bila mkubwa, na usimpe mtoto mwenzake kazi ya kumlinda. Kulinda ni kazi yetu wakubwa, wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote atakayesoma gazeti hili.

Utataka kuinuka. Usiinuke, shona. Usichungulie ukutani.

Barua kama yako huwa napata, Mama Erica, na wengi wanaoziandika mama zao wameshazikwa. Hao nawaandikia maneno mawili matatu ya pole, maana sina zaidi. Wewe mama yako Jumamosi atakuwa shambani kwake, anapalilia. Chukua jembe la pili, uanze mstari ulio pembeni ya wake.