Aliyempima Felista

Jumanne, Julai 1994

Na tai shingoni! Siku hizi kila mwenye chumba cha kupanga hapa Mbinga anatundika kibao na kujiita mtaalamu. Huyu wa leo anajiita mpima vipaji. Mume wangu ndiye aliyetaka tumpelekee Felista, maana mwalimu wake anasema akili ya binti yetu si ya miaka saba.

Mtoto akamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akamsukumia picha ya shamba la mlimani. "Shamba hili limekosa nini?"

"Ngoro," Felista akasema. "Bila yale mashimo, mvua itashusha udongo wote."

Akaweka alama ya kosa. "Jibu ni matuta."

Nikamwambia sisi Wamatengo tunalima kwa ngoro tangu enzi za mababu. Akapiga miayo mbele yangu, hata mdomo hakuziba! "Mama, jibu ni lile la kitabuni. Mtoto wako ni wa kawaida tu."

Kinyaa kilinishika mpaka sasa hakijanitoka.

Mume wangu bado anamwamini, eti ana kibao. Sista wa misheni amesomea kazi hiyohiyo na hana kibao, lakini nilipomgusia habari za Felista, swali lake la kwanza lilikuwa nyumbani tunaongea lugha gani. Kesho nampeleka kwake, baba yake akubali asikubali.

Njiani kurudi nilimwambia Felista asijali. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto.

"Nilijua anataka niseme matuta, mama. Lakini mlima ule ni mkali. Yangeporomoka."