Mstari Mmoja Wazi

Kisiwani Tiree, 9 Oktoba 1945

Mama yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Mimi sijambo. Siagi uliyotuma ilifika; rubani wetu, Ackroyd, alipaka nusu yake kwenye kipande kimoja cha mkate bila haya.

Habari kubwa ni kwamba kikosi chetu cha kupeleleza hali ya hewa kinavunjwa, na mkubwa wetu amenipa kazi ya kuandika historia yake. Aliniambia, "Ruaridh, mwandiko wako ndio unaosomeka, usije ukatuaibisha." Naandika kwa fahari. Tulianza na ndege nne kuukuu. Kila siku ndege moja ilikwenda maili mia saba magharibi, juu ya bahari njia nzima, kupima joto na mgandamizo wa hewa. Ndege nyingine zilipozuiwa na dhoruba, sisi ndio tuliotumwa kwenda kuiangalia. Meli zilitoka au zilibaki bandarini kwa neno letu.

Nimeandika na makosa pia. Kule mbali ndege hushuka karibu na maji. Mgandamizo wa hewa ukianguka, kipima kimo hudanganya: husema mko juu, kumbe mawimbi yako chini ya miguu. Mpimaji wa hali ya hewa aliyemo ndegeni ndiye humpa rubani tarakimu ya kukirekebisha. Februari moja mpimaji alikosea tarakimu. Kipima kilisema futi mia tatu, na maji ya chumvi yakapiga kioo. Ackroyd alivuta usukani kwa nguvu zake zote, kisha akasema, "Ndugu yangu, nilikuomba hesabu, sikukuomba samaki." Tangu siku hiyo kila tarakimu ilisomwa kwa sauti mara mbili, na kosa lile halikurudi.

Mama, mpimaji huyo ni mimi. Nilikwambia mimi ni karani, nakaa ofisini kando ya jiko. Baba alipozama katika dhoruba ambayo hakuna aliyeiona ikija, uliniapisha nisipite juu ya bahari kwa chombo chochote. Nimevunja kiapo hicho mara mia moja na kumi na mbili. Siijutii kazi, naujutia uongo. Kila safari nilikuwa naitafuta dhoruba kabla haijamkuta baba wa mtu mwingine.

Kwenye orodha ya wapimaji katika historia hiyo nimeacha mstari mmoja wazi. Sitaandika jina langu mpaka uniruhusu.

Uliniandikia kwamba kila ndege ikipita asubuhi juu ya nyumba, unatoka kuipungia kitambaa cha meza, kwa ajili ya watoto wa watu waliomo. Ni kile chenye kiraka cha buluu. Ackroyd alikuwa akiinamisha bawa ili nikuone.

Nisalimie Peigi wa jirani, na umpapase ng'ombe wetu kwa niaba yangu. Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Ruaridh