Pole Aliyoitoa Mama

Jumanne, 5 Agosti

Kitindamimba,

Umetupotezea mama juzi Jumapili, saa saba mchana, akiwa hai na upawa mkononi. Salamu zifuate nyuma ya neno hilo: hujambo? Sisi miili ni mizima. Simu umeizima, kwa hiyo barua hii nimempa dereva anayepeleka maji hotelini kwenu. Atasubiri jibu.

Nilikuwa kaunta mlipoingia mgahawani kwetu, wewe, wenzako wa kazini na yule mwongoza wageni. Miaka saba sijakuona, nikataka kuruka. Mama akatoka jikoni anajifuta mikono kwenye aproni ili akukumbatie. Ukampa mkono, kama bwana afya aliyekuja kukagua. Akakutazama, akaelewa, akasema, "Karibu, bosi."

Hilo ningelimeza. Lakini bosi wako, yule mama wa miwani, alipomaliza kula alimshika mama mkono, mwongozaji akatafsiri: chakula hiki kimemliwaza kijana wetu, alifiwa na mama yake mwaka juzi, tulilia naye ofisini. Mama akakugeukia.

"Pole sana, baba," akasema.

Nawe ukashukuru!

Mliacha bakshishi chini ya sahani. Bado ipo, hakuna aliyeigusa. Mama hajaingia jikoni tangu hapo. Mgahawa huu nimeutoa kwenye jiko moja hadi meza tisa, sijawahi kuufunga hata siku ya mafuriko. Sasa nimeufunga.

Mwaka juzi ulimzika nani?

Dada yako

Jumatano, 6 Agosti

Dada,

Shikamoo. Natumaini mama anaendelea vizuri. Usinifokee, nisikilize kwanza. Kule ughaibuni kazini siku za ziada za likizo hupewi ila kwa msiba, na nilikuwa nimechoka. Nikasema neno moja, nikapata wiki mbili, nikaenda nchi maskini kuliko hata yetu. Huko mshahara wangu unanenepa: chumba kinatazama maji, mtu anakuletea juisi mpaka kitandani. Nyumbani nisingepumzika, mngenipokea kwa foleni ya shida.

Safari hii wenzangu ndio walioichagua nchi yetu, kwa sababu hiyohiyo ya bei. Wakataka kula wanapokula wenyeji, mwongozaji akawaleta kwenu. Ningekataaje? Nikisema ukweli leo, kazi sina. Mwambie mama ulikuwa mzaha. Tunaruka Jumamosi jioni.

Mdogo wako

Ijumaa, 8 Agosti

Kitindamimba,

Marahaba. Mama ameamka salama na ameniagiza nikusalimie. Habari za mzaha sikumpelekea. Nimemsomea barua yako yote. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja: "Alinizika wapi?"

Foleni ya shida, umeandika. Hesabu zangu huwa hazinipotei: tangu uondoke tumekuomba kitu kimoja tu, uje.

Jana bosi wako alirudi bila ninyi, yeye na mwongozaji, kuomba afundishwe ile supu. Nilidhani mama atamkatalia. Akavaa aproni, akawasha jiko. Wakakata vitunguu pamoja, machozi yakawatoka, wakachekana. Hakukutaja. Anailinda kazi yako, huyo marehemu wako.

Kisha bosi akauliza: mama, una watoto wangapi?

Kisu kikasimama. Mama akanitazama mimi, halafu akamgeukia mwongozaji. "Mwambie aje tena Jumamosi saa sita," akasema. "Nitakuwa nimeshauliza."

Bosi wako amesema atakuja. Ile sahani yenu sijaiondoa, na kiti chako ni kilekile. Usije na zawadi, usimtume dereva. Mimi nipo, mimi sihitaji kuulizwa. Kesho, saa sita mchana, kaa mezani kati ya bosi wako na mama, ujibu kwa lugha zote mbili: mama ana watoto wawili, au mmoja?

Dada yako