Gurudumu la Maji Halisomi Jedwali

Dongobesh, Mbulu
14 Juni 2024

Mpendwa binti yangu Marieta,

Shikamoo yako niliipata kupitia Kornelia, marahaba mwanangu. Kifua kimepona? Na mumeo Evarist anaendeleaje na kazi huko Mbeya? Sisi ni wazima. Baridi inatubana kidogo, lakini vitunguu saumu vimekaa vizuri.

Sasa nikueleze kinachoninyima raha. Kosa la wengi ni kudhani kwamba kompyuta ikishajua kanuni ya kitu, imejua pia kitakachotokea. Kaka yako Renatus ameingia kwenye kosa hilo mzima mzima.

Unalikumbuka gurudumu lake pale mferejini, lile la ndoo zinazovuja, alilotaka lizungushe mashine ya kupukuchua mahindi. Ndoo ya juu hujaa, hulemea, hushuka huku ikivuja. Gurudumu likikimbia mno, ndoo za juu hazipati muda wa kujaa, na zinazopanda upande wa pili bado zina maji. Basi gurudumu husita, kisha hugeuka. Ulipokuja likizo uliliigiza kwenye kompyuta, ukamwachia jedwali la nyakati za kugeuka. Amelibandika ukutani, na sasa anapaka grisi ekseli, ule mhimili wa katikati, kwa kulifuata, akiamini anajua lini litageuka, gurudumu likiwa linazunguka!

Hafungi maji kwa sababu zamu yake ya mfereji ni saa tatu tu kwa wiki, na hataki kupoteza hata dakika.

Jumamosi iliyopita liligeuka kabla ya wakati, likamkamata koti na kuuvuta mkono mpaka koti likachanika. Kornelia alipiga kelele, "Wewe mwanaume, unataka mkeo nikulishe kwa kijiko?" Akacheka. "Jedwali la Marieta halikosei. Ni saa yangu inachelewa." Akaenda kurekebisha saa! Hapo ndipo hofu iliponizidi.

Nimejaribu mwenyewe kwenye kompyuta uliyotuachia. Kasi ya kuanzia uliweka 0.25, mimi nikaweka 0.2501. Mwanzoni mistari miwili ilikwenda pamoja kama mmoja. Baadaye mmoja ukaenda kulia, mwingine kushoto, wala haikupatana tena. Kanuni zako ni sahihi, mwanangu. Ila hakuna atakayepima mwanzo kwa usahihi unaotosha. Jani moja likidondokea kwenye ndoo, jedwali lote limekwisha kazi.

Nimemweleza mara tatu. Ananijibu, "Ndiyo, baba," kisha anamwambia mkewe kuwa mimi ni mwalimu wa enzi za chaki. Wewe atakusikia. Zamu yake ni kesho asubuhi. Kwenye simu maneno hunipotea, ndiyo maana nimeandika. Kornelia ataipiga picha barua hii akutumie kwa WhatsApp.

Nisalimie Evarist, na Sebastiani mdogo wako akipita hapo. Mungu awatunze, na mikono yenu yote ibaki mizima.

Mpigie Renatus leo, umwambie alibandue jedwali lile, na afunge maji kabla ya kugusa ekseli.

Wako akupendaye, ambaye bado hajatulia,
Baba Mkubwa Akonaay